Aliye kwenye Simu, Yupo au Hayupo?

Ibada nyingi za dini kubwa zinadai kuhudhuria. Swala ya Ijumaa haiswaliwi na mtu mmoja chumbani kwake. Ndoa ya Kiislamu, kwa watu wa pwani, haifungwi bila walii na mashahidi wawili. Kitubio cha Kikatoliki kinamtaka padre na muungamaji. Na katika Uyahudi ziko dua zisizosomwa mpaka watimie watu 10. Kwa karne nyingi hapakuwa na sababu ya kuuliza kuhudhuria ni nini hasa. Mtu alikuwa ama barazani ama safarini, na aliyekuwa safarini hakuonekana wala hakusikika. Simu na kompyuta zimezaa mtu wa aina ya tatu. Bwana harusi yuko Muscat, lakini uso na sauti yake vimo sebuleni Mombasa saa ile ile walii anapotamka maneno ya kuozesha. Mgonjwa wa Nairobi yuko kitandani na anaifuata misa ya Roma tangu ishara ya msalaba hadi baraka ya mwisho. Wanazuoni wa dini zote wamelazimika kusema kama watu hawa wapo au hawapo.

Jibu moja la kutosha ibada zote halipo. Yako mambo ya dini yanayohitaji habari tu. Yako yanayohitaji kauli ya mtu, hata kama mwenyewe yuko mbali. Na yako yanayomtaka mtu mwenyewe, kwa mwili wake. Zamani haya matatu yalisafiri kwa mwendo mmoja, mwendo wa mguu na wa jahazi, na ni barua na mjumbe tu waliowapa wanazuoni sababu ya kuyatofautisha. Simu imeyatenganisha kila siku na kwa kila mtu: habari na kauli zinafika sasa hivi, mwili unabaki ulipo.

Suala la habari linaonekana vizuri katika kuandama kwa mwezi. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inaeleza kwamba mtu aitwaye Kuraib alitumwa Sham kwa Muawiya, mtawala wa huko, na akiwa huko mwezi wa Ramadhani ukaonekana usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwishoni mwa mwezi alimweleza sahaba Ibn Abbas, naye akamjibu kwamba watu wa Madina waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na wataendelea kufunga kwa hesabu yao. Habari ile ilifika mfungo ukikaribia kwisha. Ndiyo maana mafakihi waliweza kujadiliana kwa utulivu kama mwezi wa nchi moja unawalazimu watu wa nchi nyingine: usiku wa Idi hakuna aliyejua wenzake wa mbali wameona nini.

Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari mwaka 1879, na tangu hapo utulivu huo ukaanza kupungua. Redio ikaupunguza zaidi, na simu ya mkononi imeumaliza. Leo tangazo la Saudi Arabia linafika Lamu, Tanga na Bujumbura usiku ule ule. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, yanazingatia tofauti za matlai, yaani za kuchomoza kwa mwezi, kati ya nchi na nchi. Wengine wanashikilia kwamba mwezi ukionekana popote umeonekana. Hoja zote mbili ni za kale, ila zamani zilikaa vitabuni na sasa zimehamia majumbani, ambako baba anasherehekea Idi na mwanawe bado amefunga. Kompyuta imeongeza njia ya tatu, kwani inaeleza miaka mingi kabla mwezi utazaliwa saa ngapi na utaweza kuonekana wapi. Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini lilizikubali hesabu hizo mwaka 2006. Hata hivyo ugomvi wa mwezi si ugomvi wa kuwepo. Hakuna anayesema habari ni batili kwa kuwa imeletwa na simu. Kinachobishaniwa ni mipaka ya jamii, yaani ni nani wanaopaswa kufunga na kufungua pamoja.

Kauli ni jambo zito zaidi. Mwaka 2003 mahakama ya sharia ya Gombak Timur nchini Malaysia iliamua kwamba talaka iliyotumwa kwa ujumbe mfupi wa simu imepita, na uamuzi huo ukazua mjadala uliovuka mipaka ya nchi. Kifiqhi hapakuwa na jipya kubwa. Talaka ni kauli ya upande mmoja. Haihitaji mke awepo, na talaka ya barua ilijadiliwa karne nyingi kabla ya simu. Mafakihi wa Kishafi waliyahesabu maandishi kuwa kinaya, yaani hayapitishi talaka mpaka iwepo nia ya mwandishi. Ujumbe wa simu ni maandishi. Kadhi atathibitisha kwamba mume ndiye aliyeandika, si mtu aliyeiokota simu yake, kisha atamwuliza alikusudia nini. Kilichowashtua watu ni wepesi. Barua ya talaka ilidai karatasi, mjumbe, na siku kadhaa ambazo mume aliweza kujuta na kumrudisha mjumbe njiani. Ujumbe wa simu unadai kidole gumba na hasira. Sheria haikubadilika. Kilichoondoka ni umbali, ambao kwa muda mrefu uliifanyia sheria kazi yake bila mtu kuutambua.

Serikali zimejibu kwa njia mbalimbali. Sheria ya India ya mwaka 2019 ilitangaza kwamba talaka ya mkupuo, iwe ya mdomo, ya maandishi au ya njia ya elektroniki, ni batili, na mume anayeitoa anaweza kufungwa hadi miaka 3. Mwaka huo huo Saudi Arabia iliigeuza simu kuwa kinga: mahakama zikaanza kumtumia mwanamke ujumbe mfupi wa kumjulisha kwamba talaka yake imesajiliwa, asije akaachwa bila habari.

Ndoa haipiti kwa kauli ya upande mmoja. Inataka ijabu na kabuli, yaani kuozesha na kukubali, katika kikao kimoja, mbele ya mashahidi. Umbali peke yake haujawahi kuwa kizuizi: Mtume alimwoa Ummu Habiba, binti wa Abu Sufyan, yeye akiwa Madina na bibi akiwa Uhabeshi, na Najashi, mfalme wa huko, akatoa mahari kwa niaba yake. Lakini ndoa ile ilifungwa na watu waliokaa pamoja Uhabeshi, na aliyekuwa mbali aliwakilishwa. Majmaa ya Fiqhi ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu ilipokutana Jeddah mwezi Machi 1990 haikutoka nje ya njia hiyo. Ilikubali kwamba mikataba inaweza kufungwa kwa vyombo vya kisasa vya mawasiliano, kisha ikayaondoa mambo matatu: ndoa, kwa sababu ya sharti la mashahidi, kubadilishana fedha, kwa sababu pande mbili zinapaswa kukabidhiana papo hapo, na mauzo ya salam, kwa sababu mtaji wake hulipwa mwanzoni.

Sababu iliyotajwa kuhusu ndoa ina uzito kuliko inavyoonekana. Shahidi aliyesikia sauti ndani ya simu anaweza kuapa kwamba aliisikia sauti. Hawezi kuapa juu ya mwenye sauti. Picha ya video iliipunguzia hoja hiyo nguvu kwa miaka michache, na programu za kughushi uso na sauti zimeirudishia nguvu zake zote. Familia zenye watoto Oman, nchi nyingine za Ghuba na Ulaya zina njia isiyogusa mgogoro huu hata kidogo: bwana harusi anamweka wakili kwa simu, na wakili ndiye anayekaa mbele ya walii na kuikubali ndoa. Bwana harusi anaitazama shughuli kwenye skrini kama mgeni mwingine yeyote. Simu imebeba uwakala, ambao ni kauli, na kikao kimebaki kwa waliokaa. Kanisa Katoliki lina mpango wa namna hiyo hiyo: kanuni ya 1104 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka wanaofunga ndoa wawepo pamoja, wao wenyewe au kwa wakili.

Katika fedha mambo yamekwenda haraka na kwa ubishi mdogo. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na sasa zaka, fungu la kumi na michango ya ujenzi hutumwa kwa namba ya simu. Sadaka haimtaki mtoaji aonekane. Injili ya Mathayo na hadithi ya Mtume juu ya watu saba watakaotiwa kivulini Siku ya Kiyama zote zinamsifu atoaye kwa mkono wa kulia bila wa kushoto kujua. Simu ingeweza kuilinda siri hiyo kuliko kapu linalopitishwa mbele ya watu. Badala yake majina na viasi hubandikwa kwenye kundi la WhatsApp, na orodha hurudiwa tangu mwanzo kila anapoongezeka mtu. Kosa hilo haliwezi kusukumiwa simu.

Palipohitajika mwili, msimamo umekuwa mkali. Mwaka 1602, chini ya Papa Klementi VIII, Roma ilikataza fundisho lililoruhusu kuungama kwa barua kwa padre asiyekuwepo na kupokea maondoleo kutoka kwake. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876, na kufikia 1884 Idara ya Toba ya Kitume ya Vatican ilikuwa imeulizwa kama padre anaweza, katika dharura kubwa kabisa, kumwondolea mtu dhambi kwa simu. Ilijibu kwamba hakuna la kujibiwa. Jibu hilo liliwaachia wanateolojia nafasi ya kubishana kwa miaka mingi. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilisema bila kuzunguka kwamba katika intaneti hakuna sakramenti. Miaka tisa baadaye ilitoka Marekani programu ya simu ya kumsaidia mtu kuchunguza dhamiri yake, ikiwa na idhini ya askofu. Msemaji wa Vatican alilazimika kueleza kwamba inamwandaa mtu kwa kitubio, na kwamba haiwezi kushika nafasi ya padre.

Korona ililijaribu fundisho hili vikali. Mwezi Machi 2020 Idara ya Toba ilitoa maelekezo mawili yanayofaa kuwekwa bega kwa bega. Rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, iliweza kupokelewa na wagonjwa waliojiunga na misa au rozari kupitia vyombo vya habari. Maondoleo ya pamoja kwa wagonjwa yaliweza kutolewa na padre aliyesimama kwenye mlango wa wodi, akitumia kipaza sauti ili asikike. Rehema, ambayo ni tunu ya Kanisa, ilipita hewani; maondoleo, ambayo ni sakramenti, yalimtaka padre afike hadi mlangoni. Anayetazama kutoka nje anaweza kuona kwamba kipaza sauti na simu ni vyombo vya jamii moja, na hatakuwa amekosea kifundi. Lakini sakramenti za Kikatoliki zimejengwa juu ya vitu na miili, yaani maji, mafuta, mkate na mkono uliowekwa kichwani, na padre wa mlangoni yuko tayari kuambukizwa.

Wapentekoste walishika njia nyingine. Oral Roberts, mhubiri wa Marekani, aliwaombea wagonjwa kupitia redio na televisheni katika miaka ya 1950 na kuwataka wakiguse chombo kama mahali pa kukutania kwa imani. Imani inayokiona kiini cha ibada katika neno linalosikika na kuaminiwa haina sababu kubwa ya kuiogopa simu, na makanisa ya namna hiyo ndiyo yaliyohamia kwenye matangazo mubashara kwa wepesi. Wayahudi wamesimama katikati. Sheria yao ya karne ya 16, Shulchan Aruch, inataka watu 10 wawe mahali pamoja, lakini inamruhusu anayewasikia kutoka kwingine kuitikia amina. Mwaka 2001 wanasheria wa tapo la Conservative waliupeleka mgawanyo huo kwenye intaneti: aliye mbali anaweza kushiriki na kuitikia, ila hahesabiwi miongoni mwa 10.

Kwa Waislamu swali liliiva kwenye Ijumaa. Katika karne ya 20 mwanazuoni wa Morocco, Ahmad al-Ghumari, aliandika risala ya kujuzisha Ijumaa nyumbani nyuma ya imamu wa redio, na wanazuoni walio wengi wakamkataa. Mwaka 2020 hoja yake ilifufuka. Kenya ilifunga misikiti na makanisa kuanzia Machi, ikaanza kuyafungua Julai kwa masharti. Tanzania iliyaacha wazi. Duniani kote fatwa zilizoenea zilielekeza kwamba pasipo na Ijumaa watu waswali adhuhuri majumbani, wala wasimfuate imamu wa kwenye skrini. Anayeona hapo ukaidi tu aiangalie swala ya ghaibu. Mtume alimswalia Najashi akiwa amefia Uhabeshi, na Mashafi wanaijuzisha swala hiyo mpaka leo, ingawa Mahanafi na Mamaliki hawaikubali. Maiti anaweza kuwa mbali na wanaomswalia, lakini wanaoswali jamaa hawawezi kuwa mbali na imamu wao. Maiti anaombewa, na dua haizuiwi na umbali. Jamaa ni safu, na safu ni watu waliosimama pamoja.

Mwili nao hautoshi. Mwanafalsafa wa Ufaransa Gabriel Marcel, aliyefariki mwaka 1973 kabla simu za mkononi hazijaenea, aliwahi kueleza kwamba mtu anaweza kukaa chumba kimoja na mwenzake, akamsikiliza, na bado asiwepo kwake. Anayezunguka Al-Kaaba akijipiga picha, na anayesoma ujumbe hotuba ikiendelea, wametimiza masharti ya mahali. Fiqhi haitabatilisha ibada yao kwa hilo peke yake. Ndiyo sababu vitabu vya ibada vilizungumzia siku zote nia na khushui, yaani unyenyekevu wa moyo, kando ya nguzo na masharti.

Teknolojia ya karibuni imepiga hatua moja mbele na kuleta sauti isiyo na mwenyewe. Mwaka 1986 Baraza la Fiqhi la Rabita, yaani Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, huko Makka liliamua kwamba adhana ya kanda haitoshi, kwa kuwa adhana ni ibada ya muadhini na kanda haina nia. Mwaka 2017, Wajerumani walipoadhimisha miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa, kanisa la Kiprotestanti la Hesse na Nassau liliweka Wittenberg roboti iliyoitwa BlessU-2, iliyoinua mikono, ikawasha taa na kumbariki mtu kwa lugha aliyochagua. Kanisa lilitaka kuanzisha mjadala, na likaupata. Siku hizi programu za akili mnemba zinajibu maswali ya dini kwa sauti ya upole saa yoyote ya usiku, nazo zinaaminiwa na watu wengi. Mafakihi wa Kihanafi walikwisha kulikabili jambo la jirani. Anayesikia aya ya sajda kutoka kwa msomaji inampasa kusujudu. Anayeisikia kutoka kwa kasuku au katika mwangwi haimpasi. Aya ni ile ile na matamshi yanaweza kuwa safi, lakini nyuma yake hakuna msomaji. Hukumu hiyo inaifaa akili mnemba kuliko mengi yanayoandikwa leo. Yasemwayo na chombo yanaweza kuwa kweli na yakafaa kama habari. Fatwa, nasaha na baraka zinataka mtu wa kubeba dhamana ya alichosema.

Yote haya yana walinzi. Ndoa ina kadhi, kitubio kina askofu, Ijumaa ina imamu, na simu ilipobisha hodi kila mmoja alikuwa na la kusema. Ziko ibada zisizo na mlinzi. Uislamu unahesabu kumzuru mgonjwa na kulifuata jeneza kuwa haki za Mwislamu kwa mwenzake, na Ukristo unahesabu kuwatembelea wagonjwa na kuwazika wafu kati ya matendo ya huruma, ila mambo haya hayana sharti la kuswihi. Hakuna fatwa isemayo kwamba ziara ya simu ni batili, wala waraka usemao kwamba rambirambi ya M-Pesa si rambirambi. Hapo ndipo simu ilipoingia bila kuulizwa. Tanzia ikitangazwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anatajwa, michango inaingia, na maziko yanarushwa mubashara. Kwa mtoto aliyeko Toronto ni faida isiyo na doa. Zamani aliweza kupata habari ya kifo cha mama yake wiki kadhaa baada ya matanga kuondoka. Kwa anayeishi mtaa wa pili ni jambo jingine. Hubert Dreyfus, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika mwaka 2001 kwamba anayekutana na wenzake kwenye skrini hahatarishi kitu, na pasipo hatari ahadi hazishiki mizizi. Kwenye msiba hatari ni ndogo, ni kutojua la kusema mbele ya anayelia, na ndiyo hiyo inayoepukwa kwa kutuma pesa na alama ya mikono iliyofumbatwa.

Jamii moja ya Kikristo iliyoyalinda mambo ya namna hii kwa sheria ni Waamishi wa Lancaster, Pennsylvania. Simu ilichangia kuligawa kanisa lao mnamo 1910, na waliobaki waliipiga marufuku ndani ya nyumba kwa sababu, pamoja na mengine, ilipunguza kutembeleana. Baadaye waliiruhusu katika vibanda vilivyojengwa nje ya nyumba, vinavyotumiwa na majirani kwa zamu, kwa ajili ya daktari na biashara. Afrika Mashariki haiwezi kurudi kwenye vibanda, wala haina haja. Lakini maimamu na mapadre na wachungaji wake, ambao wamejua kusema wazi kuhusu ndoa na sakramenti, hawajasema wazi kuhusu mgonjwa na mfiwa. Waseme kwamba aliye mbali ametimiza wajibu wake kwa simu, na aliye karibu bado anadaiwa ziara.